Mvinyo mwekundu unakuuma kichwa au kukuwasha ngozi? Hatua za kumtambua mchokozi

Maswali ni yale yale kila mara. "Bia hainiumizi, lakini glasi moja tu ya mvinyo mwekundu na kichwa kinapasuka, kwa nini?" "Uso unawaka moto hata sijamaliza glasi, je, nina mzio?" "Ninunue ule ulioandikwa hauna salfaiti, kile kihifadhi cha mvinyo?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, na nimeona heri niandike utaratibu mzima ili mtu aufuate mwenyewe mpaka apate jibu la mwili wake.

Maana jibu ni la mwili wako, si la jirani yako. Ndani ya mvinyo mwekundu kuna vitu kadhaa vinavyoweza kusumbua, na kila kimoja kina saa yake ya kuanza na mahali pake pa kushika. Kwa hiyo saa ya ukutani na daftari vitakusaidia kuliko lebo ya chupa.

Nani asifanye majaribio haya

Soma hapa kwanza, hata kama una haraka. Usijaribu chochote nyumbani kama umewahi kuvimba midomo, ulimi au koo baada ya kunywa. Kama umewahi kuishiwa pumzi au kuzimia. Kama una pumu. Kama una mimba. Kama una ugonjwa wa ini. Au kama umeacha pombe. Wewe nenda kwa daktari na maelezo yako tu, yanatosha.

Angalia pia dawa unazotumia. Metronidazoli na tinidazoli, disulfiramu, griseofulvini ya fangasi, na isoniazidi ya kifua kikuu zote zinaweza kuleta uso kuwaka, moyo kwenda mbio au kichwa kuuma zikikutana na mvinyo. Dawa za zamani za sonona za kundi la MAOI zinaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla zikikutana na tiramini, ambayo imo katika baadhi ya mivinyo. Kama unatumia mojawapo, huenda mchokozi wako ni huyo. Muulize mfamasia, na usiache dawa ili unywe.

Na kama hunywi pombe kabisa, huna sababu ya kuanza kwa ajili ya jaribio. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Utakavyohitaji

- Daftari na kalamu. Kalamu hiyo utaitumia kwenye ngozi pia.
- Chombo cha kupimia chenye alama za mililita. Usikadirie kwa macho.
- Saa, na simu yenye kamera.
- Mvinyo mwekundu unaokusumbua, mvinyo mweupe mkavu (usio mtamu), na kinywaji kikali kisicho na rangi, kama vodka, cha asilimia 40.
- Maji na chakula cha kawaida ambacho hakijawahi kukuletea shida.
- Mtu mzima wa kukaa nawe. Usifanye peke yako.
- Wiki sita hivi za subira.

Nadharia kidogo, ya kutosha tu

Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakawekwa kando, kisha maji ya zabibu yakachachushwa. Mwekundu huchachuka pamoja na maganda na mbegu, kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa. Rangi, tanini (ile inayokausha ulimi) na ukoo mzima wa flavonoidi, yaani kemikali za mimea, hutoka humo. Halafu karibu kila mvinyo mwekundu hupita uchachukaji wa pili: bakteria hugeuza asidi kali, ile ya tufaa bichi, kuwa asidi laini ya maziwa. Bakteria hao wanaweza kuacha histamini na tiramini, kemikali zinazoweza kumsumbua mtu. Ndiyo tofauti kubwa kati ya mwekundu na mweupe.

Baada ya hapo kuna kileo chenyewe. Ini hukigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kiitwacho ALDH2 huiondoa. Kimeng'enya hicho kikizembea, asetaldehaidi inajaa na uso unawaka. Histamini nayo huvunjwa utumboni na kimeng'enya kingine, DAO, ambacho kileo hukipunguza nguvu. Kwa hiyo mvinyo unaweza kukuletea histamini na papo hapo kumfunga mikono yule ambaye angeiondoa.

Hatua

1. Andika yaliyopita. Kabla ya kufungua chupa, kumbuka mara tatu za mwisho ulizoumia. Ulianza kunywa saa ngapi, dalili ya kwanza ilikuja saa ngapi, ilianzia wapi, ulikuwa umekula nini, ulilala saa ngapi usiku uliotangulia. Mwanamke aandike pia siku ya hedhi. Wengi hupata nusu ya jibu hapa. Mtu anayesema "mvinyo unanipa kichwa" akiandika vizuri hugundua kwamba kichwa huanza saa kumi alfajiri baada ya chupa nzima, na hilo ni jambo jingine kabisa na kichwa kinachoanza kabla ya saa moja kupita.

2. Pumzika wiki mbili bila pombe yoyote. Endelea kuandika kila kichwa kinachouma na kila upele unaotoka. Vikija hata bila mvinyo, basi unashtaki asiyehusika, au mvinyo ni mmoja tu kati ya wachokozi wengi.

3. Jiulize kuhusu vyakula unavyokula tayari. Hapa hujaribu kitu kipya, unakumbuka tu. Je, unakula aprikoti zilizokaushwa zenye rangi ya chungwa inayong'aa? Rangi hiyo imehifadhiwa kwa salfaiti, na kwa uzito huwa nayo nyingi kuliko mvinyo. Zile zisizotiwa huwa na rangi ya kahawia. Unakula za chungwa bila shida? Basi salfaiti haielekei kuwa mchokozi wako. Je, chai ya rangi nzito, yenye kukausha ulimi, inakuuma kichwa? Isipokuuma, tanini nayo ina utetezi mzuri. Je, jibini iliyokaa sana, nyama zilizokaushwa kwa chumvi au samaki wa kopo hukuziba pua, kukuwasha au kukuuma kichwa? Hapo weka alama kubwa kwenye histamini. Je, zabibu mbichi au pichi hukuwasha mdomo? Ukijibu ndiyo kwa hilo la mwisho, acha majaribio hapa hapa uende kwa daktari wa mzio. Kuna protini kwenye ganda la zabibu, ya jamii moja na ile ya ganda la pichi, ambayo haiharibiki kwa kuchachushwa, na mzio wake unaweza kuwa mkali.

4. Jaribio la kwanza: mwekundu, mililita 75. Chagua siku uliyolala vizuri, umekula, huna kiu. Pima mililita 75, ambayo ni nusu ya glasi ya kawaida ya 150. Kunywa polepole kwa dakika 20, pamoja na glasi ya maji. Kisha usiongeze. Andika kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, halafu kila nusu saa mpaka saa tatu zitimie. Asubuhi andika tena.

   Huu hapa ukurasa mmoja, uone jinsi maneno machache yanavyotosha:

   *Jumamosi. Mwekundu, 14%, 75 ml. Nimekula wali saa mbili kabla. Nimeanza 1:00 jioni.*
   *1:15 – sawa.*
   *1:30 – masikio ya moto. Mashavu pia, kushoto zaidi. Hakuna mwasho.*
   *1:45 – pua imeziba. Mapigo ya moyo 88, kabla yalikuwa 70.*
   *2:30 – uso umepoa. Uzito juu ya jicho la kulia.*
   *4:00 – kichwa kinagonga, mwanga unaudhi.*
   *Asubuhi – sawa.*

   Mistari saba tu, lakini daktari akiisoma atakuuliza maswali ya maana badala ya kukuambia upunguze pombe.

5. Subiri siku tatu, rudia ule ule. Chupa iliyofunguliwa haifai kwa jaribio la pili, maana imeshakaa na hewa. Fungua nyingine ya aina hiyo hiyo. Jibu la siku moja halina uzito.

6. Subiri siku tatu, jaribu mweupe mkavu, mililita 75. Kileo kiwe karibu sawa na cha mwekundu. Ukiweza, mwambie yule mtu unayekaa naye akumiminie kwenye kikombe kisichoonyesha rangi. Anayeogopa kichwa anaweza kukipata kwa woga tu, na hilo si aibu, ubongo ndivyo ulivyo.

7. Subiri tena, jaribu kinywaji kikali, mililita 25 ndani ya maji. Hesabu ni hii: mililita 75 za mvinyo wa asilimia 13 zina karibu mililita 10 za kileo tupu, na mililita 25 za kinywaji cha asilimia 40 zina 10. Kileo ni kile kile, ila maganda, bakteria na histamini havimo. Watu huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee inayotenga pombe na mvinyo.

8. Katika kila jaribio, kagua ngozi kwa mkono, si kwa jicho tu. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, na wengi huambiwa "huna kitu" kwa sababu hiyo. Weka mgongo wa kiganja shavuni, kisha kifuani, ulinganishe joto. Piga picha kabla na baada, mahali pamoja, chini ya taa ile ile. Joto na rangi iliyokolea bila kuinuka kwa ngozi ni kuwaka kwa mishipa. Lakini ukipapasa ukakuta vivimbe vilivyoinuka, vyenye ukingo, vinavyowasha kama umeumwa na mbu wengi, zungushia kimoja mstari wa kalamu na uandike saa. Kikiyeyuka ndani ya saa 24 na kingine kikatokea mahali pengine, hiyo ni urtikaria. Kikibaki pale pale zaidi ya siku au kikiacha alama kama ya kupondeka, daktari akione.

9. Soma mpangilio wa dalili. Sasa linganisha kurasa.

   Uso, shingo na masikio vikiwaka ndani ya dakika chache kwa vinywaji *vyote vitatu*, moyo ukienda mbio, mchokozi ni asetaldehaidi. Watu wengi wenye asili ya Uchina, Japani na Korea wamerithi ALDH2 dhaifu, ingawa kuwaka kunaweza kumpata mtu wa popote. Huu si mzio wala kukosa mazoea. Mtu wa namna hii akizoea kunywa, hatari yake ya saratani ya umio ni kubwa kuliko ya wengine. Mwili wako unakuonya kwa lugha iliyo wazi, usikilize.

   Pua kuziba, mwasho na kichwa kizito ndani ya saa moja kwa mwekundu, kidogo au hakuna kwa mweupe, hakuna kwa kikali, na jibini kuukuu nayo ikiwa na kesi kwenye hatua ya tatu: histamini.

   Kichwa kinachoanza kati ya nusu saa na saa tatu, kwa mwekundu peke yake, ngozi ikiwa salama: hapa fikiria kipandauso na flavonoidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa dhana kwamba kwesetini, flavonoidi mojawapo ya maganda, baada ya mwili kuibadilisha, huzuia ALDH2. Waliipima maabara juu ya kimeng'enya chenyewe, si kwa wanywaji, kwa hiyo ni dhana, ila ni dhana yenye akili: inaeleza kwa nini mwekundu unamuumiza mtu ambaye kinywaji kikali hakimgusi. Zabibu zilizopigwa na jua sana huwa na kwesetini nyingi zaidi.

   Kifua kubana, kukohoa, pumzi kupiga mluzi: hapo ndipo salfaiti inaposhukiwa kwa haki. Mweupe utakufanyia hivyo hivyo au zaidi. Simama, na usijaribu tena bila daktari.

   Kichwa kinachokuja saa tano hadi 12 baadaye, kwa kinywaji chochote ukizidisha, ni cha wingi wa pombe. Mililita 75 hazitakuletea.

10. Amua, kisha jaribu uamuzi wako. Mwenye histamini ajaribu mweupe au wa waridi, bila jibini kuukuu mezani. Mwenye kichwa cha mwekundu ajaribu mwekundu mwepesi wa asilimia 12, uliokaa na maganda muda mfupi, nusu glasi, na chakula. Mwenye kuwaka kwa vyote vitatu, ushauri wangu wa dhati ni kuacha.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kosa kubwa ni kumeza dawa ya mzio kabla ya kunywa ili uso usiwake. Dawa inaficha moto, haizimi kinachoungua: asetaldehaidi inaendelea kujaa, na wewe, kwa kuwa huoni dalili, unaongeza glasi. Nyingi ya dawa hizo pia huleta usingizi, na pombe huuzidisha.

La pili ni kuisingizia salfaiti kila kitu. Katika Umoja wa Ulaya chupa lazima itaje salfaiti zikizidi miligramu 10 kwa lita, na Marekani ina sharti kama hilo, kwa hiyo maneno hayo yapo karibu kwenye kila chupa na macho huyaona kwanza. Lakini sheria ya Ulaya inaruhusu miligramu 150 kwa lita katika mwekundu mkavu na 200 katika mweupe mkavu. Kama salfaiti ndiyo inayouma kichwa, mweupe ungekuuma zaidi. Matone na vichujio vinavyouzwa kuiondoa havigusi kileo wala flavonoidi. Hata hamira yenyewe hutoa salfaiti kidogo, hivyo mvinyo usio nayo kabisa ni nadra mno. Tena mvinyo usiotiwa salfaiti unaweza kuwa na histamini *zaidi*, kwa kuwa hakuna wa kuwazuia bakteria.

Kosa la tatu ni neno "glasi". Mililita 150 za asilimia 12 zina mililita 18 za kileo. Mililita 250 za asilimia 14.5 zina 36. Zote mbili mtu ataziita glasi moja, na moja ni mara mbili ya nyingine.

Na usizimue asubuhi. Kunywa tena kunasogeza kichwa mbele tu.

Ukikwama

*Mara ya kwanza niliumia, ya pili sikuhisi kitu.* Ni kawaida kwa kipandauso. Usingizi mchache, njaa, hedhi na uchovu hujumlishana na mvinyo. Siku vikikosekana, mvinyo peke yake haufiki. Rudi kwenye daftari utafute kilichotofautiana, kisha fanya jaribio la tatu.

*Kila mvinyo unanitoa vivimbe, mweupe na mwekundu.* Baadhi ya mivinyo husafishwa kwa ute wa yai au protini ya maziwa. Kwenye soko la Ulaya, mabaki yake lazima yatajwe kwenye lebo, na mivinyo ya karibuni huwa na alama ya kuskani yenye orodha ya viambato. Isome, lakini usiendelee kujaribu. Mwombe daktari kipimo cha mzio.

*Nimeshindwa kusimama kwenye mililita 75.* Asante kwa kusema ukweli. Jambo hilo lina uzito kuliko kichwa. Lipeleke kwa mhudumu wa afya, nalo lina msaada wake.

*Kichwa kimeshaanza, ni usiku.* Acha kunywa, kunywa maji, kula kidogo, lala gizani. Dawa za maumivu si za kumeza ovyo juu ya pombe: ibuprofeni na aspirini hukwaruza tumbo, parasetamoli hulilemea ini, hasa kwa anayekunywa mara kwa mara au aliyezidisha. Usizidi kipimo cha pakiti, na ukiweza kusubiri, subiri. Kichwa kikija ghafla kwa ukali usiowahi kuuona, shingo ikakakamaa, upande mmoja wa mwili ukalegea au maneno yakapotea, usitafute sababu kwenye chupa. Nenda hospitali usiku huo huo. Fanya hivyo hivyo midomo au ulimi vikivimba, au pumzi ikiwa ya shida, hata kama ulikunywa mafunda mawili tu.